Mama, Nimekusikia Jikoni Ukisimulia Kanisa la Mwanzo

Mama yangu, shikamoo.

Najua ulipo huwezi kuniitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila ya hiyo. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu jambo lenyewe limenizidi uzito, na kila nikijaribu kulibeba peke yangu linaniponyoka.

Ijumaa ya tatu baada ya kukuzika, nilikusikia ukizungumza jikoni.

Usinicheke kwanza. Nilitoka msikitini nikakuta viatu vyangu havipo, vile vya ngozi alivyonichagulia dada Zuwena sokoni Nizwa, ambavyo ulisema vinanifanya nitembee kama bata aliyeshiba. Kavichukua mtu, kwa kukosea inshaallah, akaniachia malapa mawili, yote mawili ya mguu wa kushoto. Nikajaribu kuyavaa. Nikaona bora nitembee peku. Basi mwanao, mtu wa makamo mwenye mvi na kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi, akawa anarukaruka juu ya saruji ya mchana wa Ibra kama dagaa kwenye kikaango. Nikakata njia ya nyuma, nikafuata falaji, ule mfereji wa maji, mpaka kwenye mitende yetu, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Miguu mitupu haina mlio. Ndiyo maana hakuna aliyenisikia, na ndiyo maana mimi nikasikia.

"Basi mwanangu," ulikuwa unasema, "hao watu wa mwanzo hawakuwa na jengo. Hata nguzo moja ya kanisa hawakuwa nayo. Kanisa lilikuwa sebule ya mtu."

Nililishika friji, Mama. Kwanza nilistuka kwa sababu ni wewe, na kaburi lako mchanga haujakauka. Halafu nikastuka kwa ulichokuwa unakisema. Mama yangu, hajjati, uliyekwenda Makka mara mbili, uliyenigongea mlango wa alfajiri mpaka nikawa na mvi, unasema kanisa! Na unalisema kwa sauti ile ile uliyokuwa ukinielezea namna ya kuloweka mbaazi.

Zawadi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu thomu, na simu yake kaiegemeza kwenye kopo la sukari. Aliponiona kisu kilimtoka mkononi.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele.

Hapo nikastuka mara ya tatu, na wewe ndani ya simu unaendelea tu, huna habari na sisi: "Umefahamu mpaka hapo?"

Kwa wasomaji wasiomjua: Zawadi ni msichana wetu wa kazi, ingawa msichana mwenyewe ana watoto wawili wakubwa. Zawadi silo jina lake. Kanipa ruhusa ya kuandika haya, na hilo jina kalichagua yeye, ila jina lake la kweli ni la namna hiyo hiyo, jina analoweza kuwa nalo mtu yeyote. Miaka sita yuko nasi. Anatoka Tabora, mji uliozaliwa wewe, na nadhani ndiyo sababu siku ile ya kwanza ulimshika mkono ukakataa kuuachia.

"Zawadi," nikasema, "nani huyo?"

"Bibi."

"Bibi kafa."

"Najua, Baba Said. Ni simu."

"Na wewe, hivyo ulivyoita sasa hivi... wewe Mkristo?"

"Ndiyo, Baba Said."

"Tangu lini?"

Akaniangalia kama anayemwonea mtu huruma. "Tangu kuzaliwa."

"Na hukusema!"

"Hamkuniuliza."

Wallahi hatukumuuliza. Nikarudi nyuma miaka sita nikaitafuta siku tuliyomuuliza, nikaikosa. Wakala alituletea karatasi yenye majina matatu: lake, la baba yake Juma, la babu yake Hamisi. Nikayasoma kwa sauti, nikasema, alhamdulillahi, mtu wetu huyu. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo, tukishaona Juma na Hamisi tunafunga faili. Nani aliniambia kwamba Tabora Juma anaweza kumuoa Mkatoliki, na watoto wakafuata kwa mama? Wewe ulijua. Ulizaliwa huko. Ulikaa kwenye kochi pale pale nikisoma, ukanyamaza, unakunywa kahawa yako.

Na mimi siku hiyo hiyo nikampa mswala mpya na baibui mbili. Maskini, angesema nini? Ramadhani ya kwanza nikamfundisha Fatiha. Akaishika kwa siku mbili, kuliko Said wangu aliyesomeshwa kwa mwezi mzima na ahadi ya baiskeli. Nikaenda kujisifu sablani, barazani kwetu, mbele ya wazee wote wa mtaa: "Msichana wetu kwa ucha Mungu! Anasali chumbani kwake, mlango kaufunga, hataki hata kuonekana. Hana riya hata chembe!" Wazee wakasema mashaallah. Wewe nilipokuhadithia ulijifunika ushungi usoni, mabega yanatikisika. Nikadhani unalia kwa furaha.

Nilipomsimulia mke wangu jioni, aliinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi wake akasema, "Ala! Kumbe hukujua?"

Ndiyo hali ya nyumba ninayoiongoza.

Sasa nikueleze nilichokifanya, kwa sababu hata mimi kilinishangaza. Sikugomba. Nilikaa chini, kwenye sakafu, na nyayo zangu zinawaka moto, nikamwambia Zawadi, "Rudisha mwanzo." Unajua kwa nini. Mimi sina sauti yako, Mama. Miaka yote nilikuwa nikikuelekezea simu, unauficha uso na kunifukuza kwa mkono: "Niondolee kidude chako, mimi si mtangazaji wa redio." Ulipofariki nilipekua simu yangu nzima. Nikapata picha za mkono wako ukinifukuza.

Na kumbe Zawadi anazo za sauti ishirini na kitu.

"Vipi wewe alikukubalia?" nikamuuliza, na nilisikia wivu ndani ya sauti yangu, mtu mzima kama mtoto aliyenyimwa kaimati.

Akasema, mwaka ule alipokuwa anakwenda likizo kwao, alikuomba umtilie visa vyako kwenye simu akawasikilizishe watoto wake. Ulikataa. Halafu kesho yake asubuhi ukamwita mwenyewe. "Lete hicho kidude," ukamwambia. "Tabora mimi sitofika tena. Sauti ifike."

Hapo ilibidi nijifanye nimeingiwa na thomu machoni.

Basi nimekusikiliza, Mama. Zote. Na kila moja imenistua kwa namna yake, kwa sababu nimekutana na mwanamke ambaye sikuwa namjua. Nilijua ulisoma Tabora, ila nikadhani chuoni, kwa mwalimu wa Kurani mwenye bakora. Kumbe babu alikupeleka kwa masista wa misheni, kwa kuwa shule ya wasichana ilikuwa ni hiyo tu, akakuwekea masharti: soma wanachosoma, usipige ishara wanayopiga. Ukatii. Siku za dini ukaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa na kazi yako ya kufuma, na huko nyuma ukasikia kila kitu. Mpaka siku ya mashindano ya maswali juu ya kanisa lilivyoanza, wenye dini yao wakakwama, na mtoto wa Kiislamu mwenye kitambaa cha kufuma akanyoosha mkono. Ukajibu yote. Tuzo yako ilikuwa bakuli la bati lenye ua jekundu.

Bakuli la bati lenye ua jekundu! Hilo hilo ulilonilishia uji mpaka nikaota ndevu, ulilolifunga ndani ya kanga tulipohama, ukakataa kuliacha ijapokuwa masufuria mazima uliyaacha. Nimekula uji miaka yote hiyo ndani ya tuzo ya historia ya kanisa, na hakuna aliyeniambia.

Nilivyosikia, ilianza hivi. Wiki ya kwanza tu Zawadi aliungua na mafuta ya sambusa akataja yale majina mawili niliyoyasikia mimi jikoni. Hukusema neno, ulimpaka asali ile inayoletwa kutoka Dima wa Tayyin kwenye mkono, ukaendelea kukunja sambusa. Siku chache baadaye ukamkuta stoo, baina ya magunia ya mchele, analia. Akakwambia, "Bibi, huku hakuna kanisa. Mimi nitasali wapi?" Nawe ukamjibu, "Kwani hao wakubwa zenu wa mwanzo walikuwa nalo? Kaa hapa nikusimulie."

Tangu hapo, kila Ijumaa wanaume tukishatoka, yeye huingia stoo na rozari yake, na wewe unakaa mlangoni na tasbihi yako, umeutandaza ushungi kama unauza kitu. Akimaliza, unamsimulia.

Na ulivyokuwa ukisimulia! Hukuwataja wale watu kwa majina. Uliwapa lakabu kama tunavyowapa majirani. Yule mkubwa wao ulimwita Mvuvi. Yule aliyewatesa kwanza kisha akajiunga nao, akazunguka miji yote, ulimwita Mshona Mahema, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomlisha. Na yule mama tajiri aliyeuza nguo za zambarau, akawafungulia nyumba yake wakawa wanakutana humo, ulimwita Bibi wa Zambarau, na naona ulimpenda kuliko wote. "Wanaume walikuwa wanapita tu," ulisema. "Leo mji huu, kesho mji ule. Lakini mji unapoachwa, nani anabaki na mlango wazi? Mwenye nyumba. Na mara nyingi mwenye nyumba alikuwa mwanamke. Wasikudanganye."

Ulimwekea wazi pia: "Mimi siamini wanavyoamini juu ya Nabii Isa, nawe unajua hivyo. Lakini kisa chako nakusimulia kama wewe ungekisimulia kama ungekijua. Sipunguzi, sitii langu."

Mimi nilikuwa na fikra kwamba dini ile ilishuka ikiwa tayari, na kengele zake na majoho yake. Ukanistua tena. Ulimwambia Zawadi kwamba hawakuwa hata na kitabu chao cha peke yao, wana kile cha Mayahudi tu. Walikuwa na barua. Mshona Mahema anaandika, mtu anaisafirisha mkononi, ikifika inasomwa kwa sauti mbele ya wote, kisha inanakiliwa na kupelekwa mji wa pili. "Kama barua zetu zilizokuwa zikitoka huku kwenda Tabora," ulisema. "Akija msafiri, nyumba nzima inakaa, mmoja anasoma, wengine wanalia. Ikiisha jirani anaiazima. Hakuna aliyejua kwamba anatunza kitabu. Walidhani wanatunza barua tu." Halafu visa vya maisha ya Nabii Isa vikaandikwa hapa na pale, na ilichukua vizazi mpaka wakakubaliana kipi kisomwe na kipi kiwekwe kando.

Kisha ukafika kwa wajane. Hiki nilikisikiliza mara tano.

Ulisema Yerusalemu walikuwa wakila pamoja na kugawiana chakula, na ghafla manung'uniko yakaanza: wajane wa wale waliokuja kutoka ugenini, wanaosema lugha nyingine, wanasahauliwa kwenye mgao kila siku. Hakuna aliyekusudia. Wagawaji waliwaona wale wanaowajua. Basi wakubwa wakaitisha mkutano, wakachagua watu saba wa kusimamia chakula, na majina ya wale saba ukiyasikia ni majina ya lugha ile ile ya waliosahauliwa. "Hapo ndipo kazi za kanisa zilipoanza kugawanywa," ulisema. "Si kwa sababu ya elimu kubwa. Kwa sababu bibi mmoja alirudi nyumbani na chungu kitupu."

Nikakusikia ukinywa kitu. Halafu ukasema: "Mimi nawajua wale wajane. Idi yetu ya kwanza Ibra, tulitia nyama yetu ya shuwa kwenye shimo la mtaa."

Nikaruka pale nilipokaa. Nilikuwepo! Nilikuwa na miaka saba, ndio kwanza tumefika kutoka Afrika, na Kiarabu changu hakitoshi hata kuomba maji. Unakumbuka? Baba alipaka nyama viungo, tukaifunga kwenye mfuko wa makuti kama tulivyoona wengine wanafanya, wanaume wakaitumbukiza shimoni pamoja na mifuko ya mtaa mzima, ikafukiwa siku mbili. Lakini hakuna aliyetwambia kwamba kila nyumba inafunga alama yake kwenye mfuko, waya au kipande cha bati. Waliona ni jambo asiloweza mtu kutolijua. Siku ya kufukua, kila mtu akashika wake kwa alama, na wetu usio na alama ukaondoka na mtu, na hakuna mwenye makosa. Idi yetu ya kwanza nchini kwetu tukala mayai na mkate. Baba alicheka. Wewe pia ulicheka, nakumbuka vizuri.

Kwenye simu ya Zawadi hucheki. Unasema, "Nililia stoo, mwanangu. Kama wewe."

Idi iliyofuata mfuko wetu ulikuwa na alama kubwa kuliko ya mtaa wote: kipande cha kanga chenye maandishi. Na tangu mwaka huo, ilipofika siku ya mifuko, ulipita nyumba kwa nyumba kwa kila familia mpya iliyotoka Afrika, ukiwapelekea vipande vya waya. Nilikuwa nikiona haya, nikisema Mama anajishughulisha kupita kiasi. Sasa najua wazo hilo ulilitoa wapi.

Nitafika kwenye balaa sasa, kwa sababu nilifanya kosa la kumwambia Zuwena.

Alikuja kutoka Nizwa siku ya pili, gari hata hakuizima vizuri. Unamjua binti yako. Salamu moja, na hukumu mkononi.

"Wewe Seif una akili kweli? Watu wakisikia, watasema nini? Watasema Mama kafa Mkristo! Zifute zote. Na huyu arudi kwao, wiki hii."

"Dada, ni visa tu."

"Visa vya kanisa! Kwa sauti ya mama yetu! Leo ziko kwenye simu ya huyu, kesho ziko kwenye simu za Ibra nzima."

Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa mikononi, vikombe vinaongea. Ana mtoto yuko kidato cha nne, mwingine anaanza chuo cha ualimu, wote wanategemea mikono ile. Na mimi, Mama, nakiri, nilianza kulegea. Zuwena akipaza sauti mimi huwa na miaka saba. Nikasema, "Sikiliza moja tu. Moja. Kisha utakalosema."

Naapa sikuchagua. Nilibonyeza iliyokuwa juu.

Ilikuwa ile ya Antiokia. Ulikuwa unaeleza namna watu wasio Mayahudi walivyoanza kuingia, na ugomvi mkubwa ukazuka: je, wageni hawa lazima watahiriwe, wafuate vyakula vyetu, au wanaingia kama walivyo? Wazee wakakaa Yerusalemu wakaamua wasitwishwe mzigo ule. Lakini kuamua ni kitu kimoja, na kukaa sahani moja ni kitu kingine. Mvuvi alikuwa akila na wageni vizuri tu pale Antiokia, mkono wake na mikono yao chakula kimoja. Siku moja wakaja wakubwa kutoka Yerusalemu. Mvuvi akajivuta. Akaanza kula mbali, na wengine wakamfuata. Mshona Mahema akamsimamia mbele ya watu wote akamsema usoni.

"Yeye Mvuvi hakuwachukia wale," ulisema. "Aliwaonea haya mbele ya wakubwa. Nami nimefanya hivyo hivyo, mwanangu, nakuomba radhi. Siku wale wakwe wa Zuwena walipokuja kutoka Nizwa. Umekula sinia moja nami kila siku, na siku ile nikakwambia ukale jikoni. Na mimi mwenyewe Kiswahili changu nilikificha mchana kutwa kama kidonda. Nisamehe."

Na sauti ya Zawadi, kwa mbali: "Yameisha, Bibi."

Nilimwangalia Zuwena. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa sababu wewe kwenye simu umejibebesha wewe peke yako, Mama, hukusema nani alikwambia. Lakini mimi nilikuwepo ukumbini asubuhi ile, nilimsikia aliyesema, "Mama, leo Zawadi ale jikoni, na tafadhali tusiseme Kiswahili mbele ya watu." Ulimficha mwanao hata kwenye toba yako.

Zuwena aliisogeza simu karibu yake.

"Rudisha," Zuwena akasema. Nikarudisha. Akasikiliza tena mpaka mwisho, ushungi kauziba mdomoni. Kisha akainua kichwa.

"Zawadi, umekula?"

"Bado, dada."

"Weka sinia la chakula hapa. Na wewe ukae."

Tulikula watatu sinia moja, wali na papa. Usidhani yaliisha hapo, binti yako si mtu wa kuisha haraka. Alipokuwa anaingia garini alininyooshea kidole: "Sijaridhika. Lakini asiende. Na hiyo yenye kisa cha shuwa uliyonitajia, nitumie." Kisha, dirisha likiwa nusu limepanda: "Mbona mimi hakunisimulia, Seif?"

Nadhani hatukukuuliza. Tulikuwa tunakuuliza vidonge umekunywa, na mlango umefungwa, na mbaazi ziko wapi. Alikuja mtu akakuuliza atasali wapi, ukapata pa kuanzia.

Jambo la mwisho lililonistua ni kubwa kuliko jumba. Kumbe makanisa yapo Maskati, na kumbe kwa kuwa mapumziko yetu ni Ijumaa, nao wanajaa siku ya Ijumaa! Miaka sita nakwenda Maskati kila mwezi kununua vitu nisivyovihitaji, na kiti cha nyuma kitupu. Basi Ijumaa iliyopita nilimwambia Zawadi avae vizuri. Njiani, tulipoupita mji wa Fanja, akacheka peke yake.

"Nini?"

"Nakumbuka ulivyonifundisha Fatiha, Baba Said. Ulikuwa na subira sana."

"Usinikumbushe."

"Naijua bado. Nikuonjeshe?"

"Zawadi, nitakurudisha Ibra kwa miguu."

Nilimshusha langoni, nikashangaa kama niliyeshuka kutoka mlimani. Watu wa kila rangi, Wahindi, Wafilipino, Wahabeshi, kila kundi na lugha yake, kila mtu yuko mbali na kwao, na ndani ya uwanja mmoja saa tofauti zimegawiwa ili wote wapate zamu. Nikakukumbuka ulivyosema kwamba mwishowe mfalme wa Rumi aliwakubali, wakajengewa majumba makubwa, maaskofu wakakaa baraza kubwa wakabishana, "lakini mimi kisa changu napenda kukimaliza kabla ya hapo, wakiwa bado wanabanana sebuleni." Nami nikaenda msikiti wa jirani, na viatu vyangu safari hii niliviweka ndani ya mfuko wa plastiki, nikavikumbatia hata kwenye rakaa. Mtu wa pembeni alinitazama vibaya.

Tuliporudi nikamuuliza kulikuwaje. Akasema, "Kuzuri. Nimelia. Ila padri hajui kusimulia kama Bibi."

Sasa zote ninazo kwenye simu yangu, Mama. Zawadi kanitumia moja moja, kwa mpango, kama Bibi wa Zambarau anayekabidhi barua. Ya mwisho ni ya wiki moja kabla hujaanguka. Sikuifungua mpaka leo asubuhi, kwa kuogopa kwamba baada yake hakuna nyingine.

Unaeleza ndani yake namna walivyokuwa wakijificha siku za mateso, wanakutana ndani kwa ndani, mmoja anakaa mlangoni kusikiliza hatua za watu. Katikati ya neno ukakatiza. Nikasikia mlio ninaoujua, gari yangu, ile belti yake inayopiga kelele ambayo uliniambia mara mia niitengeneze.

"Hebu zima, zima," unasema, na unacheka. "Seifu huyo, karudi. Atakuja kutusomesha."

Zawadi hakuzima. Sijui alisahau, sijui vipi. Mlango unafunguka, na mimi naingia, sauti yangu nene ya kujiona: "Salaam aleikum! Mama, chai ipo?"

"Wa aleikumu ssalaam. Ipo, mwanangu. Kaa, umechoka. Nakutilia mwenyewe."

Hapo inakatika.

Nimekaa, Mama. Belti sitaitengeneza. Lala salama, Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, na unisamehe kwa kuchelewa kukujua.

Mwanao, wa mwisho nyumbani kupata habari,
Seif
Ibra